Baraza la wavu Kigoma: pesa iende kwenye fremu, pembe na mlango

Ukipita mitaa ya Mwanga, Gungu au Katubuka mjini Kigoma ukaangalia mabaraza yaliyozungushiwa wavu wa mbu, utaona jambo lilelile nyumba baada ya nyumba. Katikati wavu ni mzima. Umechomoka pembeni, pale unapokutana na fremu. Au fremu imeoza chini, pale maji yalipolala. Au mlango umeinama upande mmoja na chini yake paka anapita. Mwenye nyumba anasema aliuziwa wavu mbovu, ananunua mwingine wa bei zaidi, na fundi anaugongelea kwenye fremu ileile. Misimu miwili ya mvua ikipita, wamerudi palepale.

Baraza la wavu linadumu kwa fremu yake, kwa namna wavu ulivyobanwa, na kwa mlango. Wavu wenyewe ni kitu cha kubadilisha, kama tairi la baiskeli. Ukijenga ukijua kwamba ipo siku utaubadilisha, maamuzi mengi yanakuwa tofauti tangu siku ya kwanza.

Na jambo lenyewe si la urembo. Mkoa wa Kigoma mara kwa mara umekuwa miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi katika tafiti za kitaifa. Mbu anayeeneza malaria huuma zaidi kuanzia giza linapoingia hadi alfajiri, na saa zile za mwanzo ndizo watu wako barazani: watoto wanafanya kazi za shule, wakubwa wanaongea, chakula kinaliwa. Chandarua cha kitandani hakimlindi mtu aliye barazani saa mbili usiku. Wala baraza la wavu halikupi ruhusa ya kukunja chandarua. Ni vitu viwili, kila kimoja na saa zake.

Ziwa liko magharibi

Nyumba nyingi za Kigoma zinazotaka kuona ziwa zinaangalia magharibi. Maana yake baraza linapigwa na jua la mchana hadi linapozama upande wa Kongo, na hilo ndilo jua linaloua plastiki. Kiangazi, Mei hadi Agosti, upepo wa kusini-mashariki unavuma kwa nguvu na kuleta vumbi. Kuanzia Novemba mvua zinakuja na upepo wake, zinapiga kwa ubavu. Fremu iliyonyooka Juni inaweza kuwa imevimba Desemba kama ni ya mbao mbichi.

Kuna nafuu moja ambayo watu wa pwani hawana: Ziwa Tanganyika ni maji baridi, hewa yake haina chumvi. Ushauri mwingi unaotoka Dar es Salaam au Tanga umejengwa juu ya hofu ya chumvi, ndiyo maana utaambiwa ununue chuma cha pua (stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi) cha daraja la 316, lile linalohimili chumvi. Hapa huna sababu ya kulipia 316. Daraja la 304 linatosha, na hata aluminiamu au waya uliopakwa zinki unaishi hapa vizuri kuliko unavyoishi pwani. Adui wa Kigoma ni jua la magharibi, maji yaliyotuama ndani ya fremu, na mchwa.

Kuchagua wavu

Madukani utakutana na aina nne. Wa kwanza ni wa plastiki tupu, mara nyingi wa kijani au buluu. Ni rahisi, lakini kwenye baraza la magharibi unakakamaa na kuvunjika kwa kidole. Usiununue kwa kazi hii. Wa pili ni wa nyuzi za kioo zilizopakwa plastiki, unaoitwa faibaglasi, wa kijivu au mweusi. Huu ndio tunaoupendekeza kwa nyumba nyingi: haushiki kutu, haubaki na mikunjo, fundi yeyote makini anaweza kuuweka, na ukichanika unashonwa. Wa tatu ni wa aluminiamu. Ni mgumu zaidi kwa jua, ila ukigongwa na kiti unabaki na bonde, na bonde halitoki. Wa nne ni chuma cha pua, ambao ndio wenye nguvu kuliko wote, unastahimili hata kucha za paka, lakini bei yake ni kubwa na unahitaji fremu imara ya kuuvuta. Huo unafaa mlangoni na kwenye paneli za chini wanakocheza watoto, hata kama sehemu nyingine zote ni faibaglasi.

Duniani kipimo cha kawaida cha wavu wa mbu ni nyuzi 18 kwa 16 katika kila inchi moja ya mraba. Uzi wa faibaglasi una unene wa takriban milimita 0.28, kwa hiyo tundu linabaki kama milimita 1.1 kwa 1.3. Mbu hapiti hapo. Usubi anaweza kupita. Kama unaishi karibu na tope au majani mengi na usubi unakusumbua, tafuta nyuzi 20 kwa 20, ukijua kwamba hewa itapungua. Kwa hesabu ya matundu, wavu wa 18 kwa 16 unaacha wazi takriban theluthi mbili ya eneo lake, na ule wa 20 kwa 20 karibu asilimia 60. Kwenye joto la Oktoba, kabla mvua hazijashika, tofauti hiyo utaihisi.

Nenda dukani na rula. Weka juu ya wavu, hesabu nyuzi ndani ya milimita 25 upande wa urefu, kisha upande wa upana. Ukipata 14 au chini ya hapo, urudishe. Halafu chukua ncha ya msumari usukume uzi mmoja pembeni: ukiteleza kirahisi na kuacha tundu kubwa, ufumaji ni dhaifu na upepo utafanya hivyohivyo. Omba uzi mmoja uuchome kwa kiberiti, mbali na roli. Faibaglasi ya kweli, plastiki yake itaungua na uzi wa kioo utabaki umesimama; plastiki tupu itayeyuka na kuwa tone. Kwa wavu unaoitwa chuma cha pua, beba sumaku ndogo. Ikinata kwa nguvu, huenda ni waya wa kawaida uliong'arishwa. Ikivutwa kidogo tu, isikutie wasiwasi, maana hata 304 ikishavutwa kuwa waya hupata usumaku hafifu.

Roli nyingi zinakuja kutoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli au lori, na zinapangwa chini ya mizigo mingine. Kwa aluminiamu na chuma cha pua, mwambie muuzaji aifungue roli kwa mita zote unazotaka, uone kama kuna mkunjo. Mkunjo wa waya haunyooki hata ukiuvuta namna gani, na hapo ndipo utakapokatikia. Nunua mita zote siku moja kutoka roli moja. Ukirudi mwezi ujao, rangi na ufumaji vinaweza kuwa tofauti.

Hesabu ya baraza la mita 6 kwa 2.4

Tuchukue baraza la kawaida: mbele mita 6, kina mita 2.4, nyuma ukuta wa nyumba. Mbele kuna nguzo nne za sentimita 25, zikiacha nafasi mbili za mita 2 na moja ya mlango ya mita 1 katikati. Kila ubavu una nafasi ya mita 2.15. Chini kuna ukuta mfupi wa sentimita 75, na kutoka juu yake hadi kwenye boriti ni mita 1.65.

Kila nafasi igawe mara mbili. Utapata paneli nane: nne zenye upana wa takriban mita 1, nne za mita 1.07, zote za kimo cha mita 1.65. Mgawo huu una sababu mbili. Kwanza, wavu unauzwa kwa upana maalumu, na roli ya mita 1.2 inafunika kila paneli kwa kipande kimoja bila kiungo. Kiungo cha wavu kwenye baraza ni udhaifu ulioununua mwenyewe. Pili, paneli pana kupita mita 1.2 bila mhimili wa katikati inapigapiga kwenye upepo kama tanga, na kule kupigapiga ndiko kunakochosha nyuzi kwenye ukingo.

Wavu: paneli nane kwa mita 1.8 kila moja (mita 1.65 pamoja na sentimita 15 za kushikia wakati wa kuvuta) ni mita 14.4. Mlango unachukua mita 1.7 na kidirisha cha juu yake sentimita 45. Jumla ni kama mita 16.5, nunua 18.

Kama unatumia bomba la mraba, skwea paipu kama mafundi wanavyoliita, chukua la milimita 25 kwa 25 lenye unene wa milimita 1.5. Mabomba mengi yana mita 5.8, si 6 kamili, kwa hiyo pima kabla ya kupanga ukataji. Paneli ya mita 1 inataka mita 5.3 kwa mzunguko wake, ya mita 1.07 inataka 5.44. Yaani bomba moja linatoa paneli moja, na kinachobaki ni kipande kifupi. Mabomba nane kwa paneli nane, na mawili zaidi kwa mihimili ya katikati na kile kidirisha cha juu ya mlango. Jumla kumi. Mlango wenyewe utengenezwe kwa bomba kubwa zaidi, la milimita 38 au 40, mawili. Usikubali bomba la unene wa milimita 1 kwa sababu ni nafuu: mchomeleaji atalitoboa kwa moto, ataziba tundu kwa kuongeza madini ya elektrodi, na kutu itaanzia hapo.

Flatibaa, yaani chuma bapa cha kubania wavu, ya milimita 20 kwa 3, inahitajika karibu moja kwa kila paneli, na mbili za mlango na kidirisha. Skrubu za kujitoboa kila sentimita 15, ambazo ni kama 36 kwa paneli. Nunua 350 kwa kazi yote.

Chuma, mbao au aluminiamu

Fremu ya aluminiamu yenye mfereji wa raba ndiyo nyepesi na ndiyo rahisi kubadilishia wavu: unachomoa raba, unatoa wavu, unaweka mpya. Tatizo lake ni unene. Aluminiamu nyembamba inajikunja wavu ukivutwa. Ibonyeze kwa vidole viwili katikati ya urefu wa mita 1.65; ikipinda waziwazi mkononi mwako, itapinda zaidi ikiwa na wavu. Raba nayo iwe ya kipenyo kinacholingana na mfereji. Nyembamba inatoka yenyewe, nene inapasua wavu wakati wa kuingizwa. Chukua kipande cha sentimita 10 ukijaribu dukani pamoja na wavu wako, maana unene wa wavu nao unahesabika.

Mbao ina nafasi yake hapa, kwa sababu mninga unapatikana katika misitu ya Kigoma na Tabora na ni mbao ya heshima: haipindi ovyo ikishakauka, na kiini chake mchwa wanakihangaikia bila mafanikio. Tatizo ni kwamba unauzwa ukiwa mbichi na ukiwa na weupe. Ule weupe wa pembeni ya mbao, ulio nje ya kiini chekundu, unaliwa na bungua na mchwa kama mbao nyingine yoyote. Mwambie fundi seremala aurande wote uishe, au ageuze mbao hadi upande wa kuunganishia uwe kiini kitupu. Kausha kivulini, mbao zikiwa zimetenganishwa kwa fito ili hewa ipite, zisiguse ardhi. Mbao ya inchi 2 haikauki kwa wiki mbili. Ipe miezi. Paini ni nafuu zaidi, lakini bila dawa usiiweke nje kabisa. Ikiwa na dawa, kila unapokata, paka dawa upya kwenye ncha, maana dawa haikufika ndani sana.

Chuma ndicho kinachotumika zaidi mjini kwa sababu wachomeleaji ni wengi. Kinadumu kwa masharti mawili tutakayoyarudia hadi tuchoke: rangi kabla ya wavu, na maji yapate pa kutokea.

Maji, maji, maji

Juu ya ule ukuta mfupi, lipu iwe na mteremko kwenda nje, kama sentimita 1 kwa kila sentimita 15 za upana. Kuta nyingi zimelainishwa bapa au, vibaya zaidi, zinainamia ndani. Mvua ikipiga kwa ubavu inapita kwenye wavu, inateremka hadi chini ya fremu, na kama ukuta ni bapa inalala hapo wiki nzima. Rekebisha lipu kwanza. Gharama yake ni mfuko mmoja wa saruji na siku moja ya kazi, na ndiyo sehemu yenye faida kubwa kuliko zote katika kazi hii.

Bomba la chini la kila paneli litobolewe matundu mawili ya milimita 6 kwa upande wa chini, sentimita 10 kutoka kila pembe. Maji yataingia ndani ya bomba, hilo halizuiliki: kwenye tundu la skrubu, kwenye ufa wa kuchomelea. Bila tundu la kutokea, bomba linaoza kutoka ndani huku rangi ya nje ikiwa inang'aa, na siku moja kidole kinazama. Kama fundi anasema matundu yataingiza mbu, mwonyeshe kwamba bomba limefungwa pande zote na halina njia ya kuingia barazani.

Silikoni nayo inahusu maji hayohayo. Paneli iwe ndogo kuliko nafasi kwa milimita 5 kila upande, na ule ufa uzibwe kwa silikoni juu na pembeni, ndani na nje. Chini, ziba upande wa ndani tu. Upande wa nje uache wazi ili maji yatoke. Mafundi wengi wanaziba pande zote mbili chini kwa sababu inapendeza machoni, na wanakuwa wamejenga bwawa dogo chini ya fremu.

Kuchomelea, kupaka, kuvuta

Kabla fundi hajachomelea moja kwa moja, apige nukta kwenye pembe nne, kisha mpime kwa futi kamba kutoka pembe hadi pembe, mara mbili. Vipimo vya hizo mishazari vikitofautiana zaidi ya milimita 3, paneli haijakaa mraba. Igongwe sasa, kwa sababu baadaye haiwezekani. Wavu una nyuzi zilizonyooka, na fremu iliyopinda inaonekana kutoka barabarani.

Kagua viungo kabla ya rangi. Hili liwe sharti la malipo: sehemu ya pesa inatoka baada ya kuona chuma kitupu. Kiungo kizuri kimejaa pande zote nne za bomba. Kibaya kimechomelewa mbele tu, nyuma ni ufa, na rangi itauficha mpaka maji yauone. Saga kwa grenda ukiacha kiungo kimejaa; ukisaga hadi kiwe bapa kabisa, unaondoa nguvu yenyewe. Kisha futa mafuta kwa tina, paka mikono miwili ya rangi ya kuzuia kutu na miwili ya rangi ya mafuta, ukiacha kila mkono ukauke. Flatibaa nazo zipakwe pande zote, zikiwa zimeshatobolewa. Baada ya hapo ndipo wavu unakuja. Rangi haipiti juu ya wavu hata kidogo: inaziba matundu, inakakamaza nyuzi.

Ukitumia wavu wa aluminiamu au chuma cha pua juu ya fremu ya madini mengine, usiache yagusane uchi. Madini mawili tofauti yakikutana kwenye unyevu, moja linaliwa. Aluminiamu ikiwemo, ndiyo itakayoumia, iwe ni wavu au ni fremu. Weka utepe wa raba nyembamba katikati, au hakikisha rangi ni nzima. Faibaglasi haina shida hii, na ni sababu nyingine ya kuipenda.

Kuvuta wavu ni kazi ya watu wawili juu ya sakafu tambarare. Laza fremu, weka wavu ukiwa umezidi pande zote, hakikisha uzi mmoja unafuata ukingo wa bomba kuanzia pembe hadi pembe. Bana upande wa juu wote kwanza, ukianzia katikati kwenda pembeni. Kisha upande wa chini, mtu mmoja anavuta kwa viganja, mwingine anafunga skrubu. Mwisho pande mbili za wima. Faibaglasi inavutwa hadi mawimbi yaishe, basi. Ukiivuta kama ngozi ya ngoma, fremu inaingia kiuno katikati, na jua likiipasha nyuzi zinachanika kwenye skrubu. Wavu wa chuma cha pua unataka kuvutwa kwa nguvu zaidi, ndiyo maana unahitaji mhimili wa katikati usio wa mapambo.

Jihadhari na skrubu inayozungusha wavu: inapoingia inajivingirishia nyuzi, na pembezoni mwake linabaki tundu. Toboa flatibaa na bomba kwanza bila wavu, kisha tenganisha nyuzi pale pa skrubu kwa ncha ya msumari kabla ya kufunga. Kwa mbao, tumia bidingi (fito nyembamba za mbao za kubania) na skrubu fupi. Misumari na stepla peke yake huchomoka. Stepla ishike wavu wakati wa kazi tu, mbanaji halisi awe bidingi.

Kuifunga ukutani

Paneli ifungwe kwa skrubu na fisha (plagi za plastiki za ukutani) za milimita 8, tatu kila upande wa wima. Usikubali ichomelewe kwenye nondo au kuzikwa ndani ya lipu, kwa sababu siku ya kubadilisha wavu utavunja ukuta. Tundu lipite lipu na kuingia ndani ya tofali angalau sentimita 4. Nyumba za tofali za kuchoma zinahitaji drili izunguke bila kugonga, katikati ya tofali. Ukigonga, tofali linapasuka ndani na fisha inazunguka bure. Kwenye kiungo cha udongo kati ya tofali usitoboe kabisa.

Vichwa vya skrubu viwe ndani. Na kama unataka usalama dhidi ya wezi, wavu haukupi. Weka nondo nje, wavu ndani, kila kimoja kikiwa na fremu yake. Nondo zinaukinga wavu na mbuzi na mipira, nawe unaweza kuutoa wavu na kuuosha bila kugusa nondo.

Sehemu inayosahauliwa ni juu. Kama baraza halina dari, angalia palipo kati ya boriti na bati. Kila mkunjo wa bati ni mlango, na mbu wa malaria ana tabia ya kuingia nyumbani kwa kupitia huko juu penye ukuta na paa. Ziba mikunjo kwa sponji zinazokatwa kwa umbo la bati, au kwa saruji, au piga dari. Baraza lenye wavu wa gharama na mikunjo wazi linamkamata mbu ndani: anaingia juu, hapati pa kutokea, anawauma wote.

Mlango

Mlango unafunguliwa mara nyingi kwa siku, paneli hazifunguliwi kamwe. Kwa hiyo mlango ndio utakaoharibika kwanza, na unastahili vitu bora.

Ufunguke kwenda nje. Mbu waliotua juu ya wavu wakisubiri wanasukumwa nje, na upepo wa ziwani ukiupiga unaubana kwenye fremu. Upepo wa nyuma unaweza kuurusha, kwa hiyo funga mnyororo mfupi unaouzuia usifunguke kupita pembe ya nyuzi 90. Bawaba tatu za inchi 4, si mbili. Ya tatu iwe karibu na ya juu, maana juu ndiko uzito unakovuta. Sentimita 60 za chini ziwe bati au mbao, zisiwe wavu: hapo ndipo miguu, mbuzi na ndoo za maji zinapogonga. Mlango wa mbao uwe na mhimili wa mshazari unaoanzia chini upande wa bawaba na kupanda hadi juu upande wa kitasa. Ukigeuzwa, mhimili unavutwa badala ya kubanwa, viungo vinaachia na mlango unalala.

Springi ya kujifungia ni lazima. Mlango unaotegemea mtu akumbuke kuufunga utakuwa wazi saa moja jioni, wakati hasa usipotakiwa kuwa wazi. Irekebishe hadi mlango ufunge wenyewe ukiwa umeachwa kwa upana wa kiganja. Chini weka raba au brashi inayogusa kizingiti. Tundu la milimita 3 chini ya mlango ni barabara kwa mbu, na kizingiti kisipokuwepo, kijenge, sentimita 2 zinatosha.

Kutunza, na jaribio la taa

Osha wavu mara mbili kwa mwaka: mwisho wa kiangazi kutoa vumbi jekundu, na mvua zikikatika. Brashi laini, maji ya sabuni, kisha maji safi kutoka ndani kwenda nje. Usitumie petroli wala tina kwenye faibaglasi. Jiko la mkaa liwe mbali na wavu, kwa sababu cheche moja inaacha tundu la kutosha mbu watatu.

Tundu dogo usilizibe kwa gundi. Kata kiraka kinachozidi tundu kwa sentimita 5 kila upande, ukishone kwa uzi wa nailoni wanaotumia wavuvi kushonea nyavu. Kibirizi na Ujiji kuna watu wanaoshona nyavu kila siku, na mshono wao ni imara kuliko wa fundi wa dirisha. Skrubu za flatibaa zikaze mara moja kwa mwaka, mvua zikiisha.

Kabla hujamlipa fundi sehemu ya mwisho, subiri giza. Weka taa yenye mwanga mkali ndani ya baraza, kisha zunguka nje polepole ukiangalia pembe zote, chini ya mlango, kwenye bawaba, na juu kwenye bati. Mwanga unapopita kwenye wavu unaonekana umechujwa. Unapopita kwenye ufa unaonekana mstari mweupe. Kila mstari mweupe upigie chaki, mwite fundi aone kwa macho yake, azibe usiku huohuo au kesho asubuhi. Halafu lirudie jaribio mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi wanapotoka. Washa taa, kaa ndani, na uangalie wanaingilia wapi. Wao ni wakubwa kuliko mbu, kwa hiyo palipowapitisha wao panahitaji kazi kabla ya usiku wa pili.